Kukata, kupunguza au kailula: mwanafunzi wa Mtwara aachane vipi na usingizi mrefu wa mchana

Mwanafunzi anayelala kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni, siku nenda rudi, hupewa ushauri mmoja tu: acha. Mama anamwambia acha, mlezi wa hosteli anamwambia acha, na mwenzake wa chumbani anayemkuta kalala fofofo naye anamwambia acha. Hakuna anayemuuliza usiku alilala saa ngapi. Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Mtwara mjini, vijana wa sekondari na wachache wa vyuo, na jambo hili linaniuma kwa sababu naona wenye akili nzuri wakipoteza mchana mzima na bado hawapumziki. Swali la usiku ndilo linalotakiwa kutangulia. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha ushike njia ipi.

Njia zinazotajwa sana ni tatu. Ya kwanza ni kukata kabisa: kuanzia kesho, mchana hulali. Ya pili ni kupunguza kidogo kidogo: wiki hii masaa mawili, wiki ijayo saa moja na nusu, mpaka yaishe. Ya tatu ni kailula, usingizi mfupi wa dakika 15 mpaka 25 karibu na adhuhuri, kisha unaamka na kuendelea na shughuli. Wengi huzipanga kwa ugumu, wakiamini kukata ni kwa wenye msimamo na kailula ni kwa walioshindwa. Hazipangwi hivyo. Kila moja ina mtu wake, na ikimwangukia asiye wake inamharibia.

Tazama usiku wako kwanza

Yuko mwanafunzi anayelala mchana kwa sababu usiku hakulala. Chukua binti anayekaa kwa shangazi yake Magomeni. Anaosha vyombo vya usiku, anafanya kazi za shule, anaingia kitandani saa 5. Saa 10 alfajiri yuko macho: maji, ufagio, jiko la mkaa, chai ya watoto, halafu njiani kwenda shule. Hayo ni masaa 5 ya usingizi, wakati mtu wa miaka 14 mpaka 17 anahitaji masaa 8 mpaka 10, na wa miaka 18 mpaka 25 anahitaji 7 mpaka 9. Akirudi saa 8 akaanguka kitandani na sare yake, anaitwa mvivu. Binti huyu ana deni la usingizi, na mwili unalidai.

Yuko wa pili, ambaye usiku hapati usingizi kwa sababu alilala mchana. Huyu mara nyingi yuko chuo, amepanga geto Chuno au Shangani, ana kipindi kimoja asubuhi. Anarudi, anakula wali wa nazi na samaki, anajilaza “kidogo” na simu mkononi. Anakuja kushtuka saa 11 jioni, shuka limegandia mgongoni, hajui ni alfajiri au magharibi. Usiku saa 5 yuko macho, saa 7 yuko macho, hana hata lepe la usingizi. Hapo anakumbuka bando la usiku, ambalo ni rahisi kuliko la mchana, na filamu zinaanza kushuka. Anapitiwa saa 9 usiku. Saa 2 asubuhi yuko darasani anapiga miayo, na mchana kitanda kinamsubiri.

Ukiwakuta wawili hawa saa 9 mchana, hutaona tofauti. Wote wamelala usingizi wa pono, wote ukiwaamsha wanakuwa wakali. Lakini kumnyima wa kwanza usingizi wa mchana ni kumwongezea deni, na kumwachia wa pili usingizi huohuo ni kumfungia usiku wake.

Kujua wewe ni nani si kazi. Kwa wiki moja andika nyuma ya daftari saa uliyozima taa, saa uliyopata usingizi kwa kukisia, saa uliyoamka, na saa ulizolala mchana. Ukiona unapata usingizi mara tu unapolala, lakini usiku wako ni mfupi kwa sababu ya kazi, safari au ratiba, wewe ni wa kwanza. Ukiona unakaa macho kitandani zaidi ya nusu saa karibu kila usiku, wewe ni wa pili.

Na yuko wa tatu, ambaye njia zote tatu hazimhusu kwanza. Analala masaa 8 au 9 usiku, usingizi mzuri, na bado mchana anazidiwa. Huyo aende zahanati. Huku kwetu malaria haijaondoka, na minyoo ya safura inanyonya damu polepole mpaka mtu anabaki na uchovu asioweza kuueleza. Apime malaria, apime wingi wa damu, apeleke na choo. Aseme pia dawa anazomeza, kwa sababu vidonge vingi vya mafua na mzio, Piriton ikiwemo, vinaleta usingizi. Kukoroma sana, selimundu, na sonona navyo huonekana kwa sura hiihii ya kulala mchana. Usimpe mtu kama huyo mawaidha ya kujituma kabla hajapimwa.

Kwa nini ni saa 8, na kwa nini huku

Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokulemea. Ukilala, inapungua. Ukilala masaa matatu mchana, umeshaitumia sehemu kubwa ya uzito ambao ungekulaza usiku. Hiyo ndiyo hesabu yote ya mwanafunzi wa pili.

Pembeni ya hiyo kuna saa ya mwili, ambayo haiangalii ulilala lini bali inazunguka na mchana na usiku. Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Saa hiyo ina kipindi cha kulegea kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Kipo hata kwa aliyefunga, kwa hiyo ugali wa muhogo usibebeshwe lawama yote, ingawa sahani iliyojaa inaongeza uzito. Na kwa vijana waliobalehe saa hiyo inachelewa: kumwambia wa miaka 17 alale saa 2 usiku ni kumtaka atazame dari tu.

Sasa ongeza pwani ya kusini. Kuanzia Novemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi na unyevu wa bahari hukaa pamoja ndani ya chumba. Nyumba nyingi za kupanga wanafunzi ni za bati bila dari. Saa 8 mchana bati linalia ta, ta, ta kwa kutanuka, na feni, kama ipo, inazungusha hewa ya moto. Mwili unahitaji kushusha joto lake ili ulale vizuri, kwa hiyo usiku wa aina hiyo usingizi unakuwa wa kukatikakatika, na deni linasogezwa mchana. Mwanafunzi aliyetoka Newala, kule juu kwenye ukungu na ubaridi wa uwanda wa Makonde, akija kusoma Mtwara mjini au Lindi mjini mwezi wa Novemba huangushwa zaidi na joto hili, na huwa anajilaumu bila sababu. Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma, mtu yuleyule hulala usiku mzima na mchana hasinzii sana. Ukiweza kuchagua msimu wa kuanza kubadilika, anza wakati wa kusi.

Jambo moja nalisisitiza: joto lisikufanye ukunje chandarua. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, lowesha kitambaa ujifute shingo na miguu, sogeza kitanda dirishani, lakini chandarua kishuke.

Kukata kabisa

Hii ni njia ya mwanafunzi wa pili, na kwake ndiyo ya haraka kuliko zote. Hulali mchana hata dakika 10, adenosini inajikusanya mpaka usiku, na ukifika kitandani saa 4 unaondoka.

Ubaya wake uko mwanzoni. Siku tatu nne za kwanza ni ngumu kweli: macho yanauma, unasoma mstari mmoja mara tano. Kwa hiyo usianze wiki yenye testi, na usianze kama unaendesha pikipiki kila siku au unashinda kwenye karakana yenye mashine za kukata na kuchomelea. Kusinzia kwenye kiti cha maktaba kunakupa aibu tu. Kusinzia kwenye barabara ya Mikindani ni habari nyingine.

Wanaoshindwa njia hii huwa hawashindwi saa 8. Wanashindwa saa 12 jioni. Wamejikaza mchana kutwa, wamesali magharibi au wamekula mapema, wanajiegemeza “nipumzishe mgongo” na wanakwenda. Usingizi wa saa 12 jioni ni mbaya kuliko ule wa saa 8, kwa sababu uko karibu zaidi na usiku. Anayekata lazima awe na kazi ya kusimama saa hizo: kupika, kwenda dukani, kutembea mpaka ufukweni na kurudi.

Na saa 8 mpaka saa 10 mchana usikae chumbani. Kitabu kinachosomwa juu ya godoro kina mwisho mmoja. Peleka masomo ya kusoma kimya alfajiri au usiku, na mchana weka yale yanayotumia mdomo na mikono: diskasheni chini ya mwembe, maswali ya hesabu ubaoni mkiwa mmesimama, michoro ya baiolojia. Mwanafunzi wangu mmoja ikifika saa 8 anachukua ndoo na sabuni anakwenda bombani kufua mashati mawili, hata kama hayakuchafuka sana. Anasema mikono ikiwa kwenye povu macho hayafungi. Nimemtazama akifanya hivyo. Akimaliza kuanika, ule ulegevu umeshapita, na saa 9 na nusu anafungua daftari akiwa mtu mwingine.

Kitu kingine kisichoepukika katika kukata: saa ya kuamka iwe moja, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukiamka, fungua mlango, utoke nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na Novemba jua la Mtwara linachomoza kabla ya saa 12, kwa hiyo mwanga tunao wa kutosha. Ukibaki na pazia limeshushwa mpaka saa 4 asubuhi, usiku nao utachelewa kuja.

Kwa mwanafunzi wa kwanza, yule wa masaa 5, njia hii siishauri hata kidogo. Atajikaza siku kadhaa, atafeli kukumbuka alichosoma, na ataamini kichwa chake ni kibovu.

Kupunguza kidogo kidogo

Inasikika kama njia ya busara, na ndiyo ambayo wazazi wengi huipenda. Mimi siipendi, na sababu yake iko ndani ya usingizi wenyewe. Dakika 20 za mwanzo usingizi ni mwepesi. Ikikaribia nusu saa, unazama kwenye usingizi mzito, na mzunguko mzima huchukua kama dakika 90 kabla haujarudi juu. Ukiamshwa katikati ya ule mzito, unaamka na mang'amung'amu: kichwa kizito, mdomo mchungu, na nusu saa au zaidi ya kutojielewa.

Sasa tazama anayepunguza hatua kwa hatua. Anatoka masaa mawili kwenda saa moja na nusu, sawa. Halafu anakuja saa moja, halafu dakika 45. Hapo anaingia mahali pabaya kabisa pa kukatiza usingizi, na anakaa hapo wiki nzima au mbili akiamka vibaya kuliko alivyokuwa akiamka zamani. Wengi huachia hapo na kurudi walikotoka, wakisema njia imewashinda.

Kama unataka upole, punguza kwa namna nyingine: sogeza saa badala ya kukata urefu. Anayelala saa 10 jioni asogeze iwe saa 9, kisha saa 8, kisha saa 7, urefu ukiwa uleule. Usiku utaanza kurudi kwa sababu tu usingizi wa mchana umekuwa mbali nao. Akishafika saa 7, aruke moja kwa moja kutoka urefu huo hadi dakika 20. Kipande cha katikati kirukwe.

Kailula

Wazee wa pwani hii hawakuhitaji maabara kuijua. Kwa Waislamu ni sunna, na kwa jirani zao ni desturi ya kawaida: karibu na adhuhuri mtu anajinyoosha kidogo barazani, akiinuka anaendelea na wavu wake au shamba lake la mikorosho. Miaka ya nyuma watafiti wa NASA waliwapa marubani wa safari ndefu dakika 40 za kupumzika wakiwa angani, kwa zamu; kwa wastani walilala kama dakika 26, na walikuwa macho zaidi mwishoni mwa safari kuliko wenzao wasiopumzika. Hawakupewa masaa matatu.

Hii ndiyo njia ya mwanafunzi wa kwanza, mwenye deni. Haimalizi deni lake, lakini inamvusha jioni akiwa na kichwa kinachoshika, na haimharibii usiku. Inamfaa pia yule wa pili baada ya kukata kwa wiki kadhaa, usiku wake ukishatulia. Kabla ya hapo asiiguse. Atasema dakika 20 na ataamka magharibi.

Tofauti ya kailula na usingizi mrefu haiko kwenye nia. Iko kwenye mahali na saa. Saa yake ni kati ya saa 6 na nusu na saa 9, na adhana ya alasiri, ambayo hapa huja kati ya saa 9 na saa 10 kutegemea mwezi, iwe ndiyo ukuta: ikisikika, kulala kumefungwa. Kwa Mkristo nayo ni kengele nzuri ya bure, maana misikiti haipo mbali popote mjini.

Mahali, sema mkeka. Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Usilale kitandani, usivue nguo za nje, usishushe chandarua, usifunge mlango, kwa sababu hayo yote mwili unayajua kuwa ni ya usiku. Tandika mkeka barazani au sakafuni, pale penye kupita watu na upepo, ukunje kanga iwe mto. Mwangaza uwepo. Mkeka unachora mistari shavuni na mgongo hausahau kwamba uko chini, na huo usumbufu mdogo ndio unaokuzuia kuzama. Simu iweke mbali na mkono, ndani ya bakuli la bati, kengele ikiwa imewekwa dakika 25: dakika chache za kusinzia na 20 za kulala. Ikilia ndani ya bati utainuka, maana nyumba nzima itakuwa imesikia. Ukisimama, nawa uso na miguu, au chukua udhu kabisa, na utoke juani dakika tano.

Hata usipopata usingizi, kulala macho umefumba ndani ya muda huo kunatosha. Usiongeze muda kwa sababu hukulala.

Na binti wa Magomeni kailula peke yake haimtoshi. Dawa yake ni kurefusha usiku, na hilo linapita kwa shangazi. Nimewahi kumsaidia mmoja kupanga maneno, akaenda akasema: “Shikamoo shangazi. Samahani, nina ombi. Maji naomba niwe nachota jioni nijaze mapipa yote, ili alfajiri niamke saa 11 badala ya saa 10.” Shangazi alikubali, na hakuwa amewahi kufikiria kwamba ile saa moja ilikuwa na maana. Vyombo vya usiku navyo vinaweza kugawanywa zamu na binamu. Watu wazima wengi si wakatili. Hawajawahi kuonyeshwa hesabu.

Kuna siku moja ambapo usingizi mrefu unaruhusiwa: baada ya msiba, safari ya usiku au kukesha hospitali na mgonjwa. Siku hiyo lala dakika 90 kamili, mzunguko mzima, uanze kabla ya saa 8 mchana. Kesho yake unarudi kwenye utaratibu.

Kahawa inakaa wapi

Muuza kahawa akipita na birika lake na vikombe vidogo, wanafunzi wengi humwita saa 10 au 11 jioni, wakati wa kuanza kusoma. Saa hiyo ni ya kuepuka. Kafeini haiondoi adenosini, inaizuia tu isisikike, na nusu ya uliyokunywa bado iko mwilini baada ya kama masaa 5. Kikombe cha saa 10 jioni, nusu yake unayo saa 3 usiku, na robo yake saa 8 usiku. Kwa mwanafunzi wa pili huko ni kujitengenezea kukesha. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo pamoja na sukari nyingi.

Kahawa ikinywewa saa 7 mchana ni jambo tofauti. Kunywa kikombe kimoja, kisha jinyooshe mkekani palepale. Kafeini huchukua kama dakika 20 mpaka 30 kuanza kufanya kazi sawasawa, kwa hiyo inakukuta unaamka. Kwa wenye kailula ngumu kuamka, hii inasaidia kuliko kengele mbili.

Unapoishi panaamua nusu ya jambo

Wa bweni hana uchaguzi mkubwa. Prepu inaisha saa 4 usiku, kengele ya kuamka inagongwa saa 10 na nusu au 11 alfajiri, kwa hiyo deni analo hata asipotaka. Huyo ni wa kailula, kichwa juu ya dawati baada ya chakula cha mchana, kabla ya kengele ya vipindi vya mchana au usafi. Asiende bwenini. Akipanda kitanda cha dabo deka ameshapotea.

Wa hosteli ya chuo tatizo lake ni kwamba kitanda ndicho kiti, ndiyo meza, ndiyo sebule. Mkipatana chumba kizima kwamba kati ya saa 8 na saa 10 hakuna anayepanda kitandani, inawezekana. Mmoja akijaribu peke yake wenzake wakikoroma, hadumu.

Wa geto yuko huru kuliko wote, na ndiyo maana anaanguka kuliko wote. Hakuna wa kumwamsha. Kwake kukata kabisa ni salama zaidi kuliko kailula, mpaka apate mtu wa kumgongea mlango. Anayevuka maji kutoka Msangamkuu au anayekuja kwa daladala kutoka mbali asubuhi, naye asirudi nyumbani mchana kama ana kipindi au kikundi cha jioni. Abaki mjini, alale dakika zake 20 kwenye baraza ya msikiti au kivuli cha shule.

Ramadhani na Novemba

Ramadhani inavunja hesabu zote. Tarawehe inasogeza kulala, daku inakata usiku vipande viwili. Mwezi huo hata mwanafunzi wa pili alale mchana, dakika 90 baada ya adhuhuri, bila kujisuta. Kazi yake iwe ni kurudi mapema: tangu siku ya kwanza baada ya Idi saa ya kuamka ishikwe, vinginevyo tabia ya mwezi mmoja inageuka ya mwaka.

Novemba ni mtihani wa kidato cha nne na ni mwanzo wa joto, vyote pamoja. Mtahiniwa asianze kukata mwezi huo. Kama Septemba bado analala masaa matatu, aanze kusogeza hapo, ili Oktoba iwe ya kailula tu, na mchana wa mtihani macho yawe yamezoea kuwa wazi saa 8, maana karatasi nyingine za mchana zinaanza saa hizohizo.

Ukishachagua, ipe njia wiki mbili kabla hujaihukumu, na uendelee kuandika kwenye daftari. Aliyekata, kama baada ya wiki mbili analala ndani ya nusu saa usiku lakini mchana bado anasinzia mbele ya mwalimu, ahamie kailula. Mwenye kailula ambaye usiku umeanza kuchelewa, akate. Siku ya kuanza iwe Jumatatu, na uangalie kwanza mtaani kuna nini: korosho zikishalipwa, harusi na ngoma zinakesha, na spika zikifungwa jirani usiku wa kwanza, sogeza mpango kwa wiki moja.